Kubadilisha Falka ya Zamani Kwenye Sitaha ya Boti ya Faiba: Mwongozo Kamili

Falka ya sitaha, yaani tundu la sitaha pamoja na fremu na kifuniko chake, ikianza kuvuja, wenye vyombo wengi hununua silikoni, wakaizungusha ukingoni mwa fremu, wakapata nafuu ya wiki chache, kisha maji yakarudi palepale. Hurudi kwa sababu katika boti ya faiba yenye umri wa miaka ishirini au zaidi, kifuniko chenyewe ni nadra kuwa na kosa peke yake. Mara nyingi maji hupita chini ya fremu, kwenye matundu ya skrubu au katika kitako (sehemu ya sitaha ambayo fremu hulala juu yake) kilichopinda, na yakishaingia humo hukaa ndani ya sitaha yakiozesha kiini chake, yaani mbao nyepesi au povu lililo kati ya ngozi mbili za faiba, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo mwongozo huu utatumia maneno mengi kwenye kitako na machache kwenye kifuniko, kwa kuwa falka mpya ya bei kubwa iliyowekwa juu ya kitako kibovu itavuja kama ilivyovuja ile iliyotolewa.

Kutambua maji yanapita wapi

Kabla ya kushika bisibisi, ijulikane kwanza maji yanatumia njia ipi kati ya tatu. Ya kwanza ni kati ya kifuniko na raba yake. Ya pili ni kati ya kioo cha akriliki (plastiki angavu) na fremu inayokishika. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa, ni kati ya fremu ya chini na sitaha. Doa la maji kwenye dari la chumba si ushahidi wa kutosha, maana maji yaweza kuingia upande wa omo (mbele ya chombo), yakafuata mteremko ndani ya dari, kisha yakadondoka mbali kabisa na mahali yalipoingilia.

Raba huchunguzwa kwa chaki. Pakwe chaki kwenye ukingo wa chuma unaoikandamiza raba, kifuniko kifungwe kwa makomeo yake yote, kisha kifunguliwe: mstari wa chaki unaoachwa juu ya raba uwe mmoja usiokatika. Panapokatika ndipo maji yanapopita. Njia nyingine ni kubana kipande cha karatasi kati ya raba na ukingo, kisha kukivuta. Kikitoka bila kushikwa, raba imelala au fremu imepinda.

Njia mbili zilizobaki huhitaji maji ya bomba na watu wawili. Mmoja akae ndani, dari likiwa limefunguliwa, akiwa na tochi na karatasi laini kavu. Mwingine amwage maji yasiyo na kasi kwenye kiungo cha fremu na sitaha tu, kwa dakika kumi nzima, bila kuyaruhusu yapande juu ya kifuniko. Ndani pakiwa pakavu, ndipo apande kwenye kiungo cha akriliki na fremu, na mwisho kwenye raba. Anayeanza juu hajifunzi lolote, kwa kuwa maji yakishateremka hulowesha njia zote tatu kwa pamoja.

Baada ya hapo sitaha igongwe kuizunguka falka kwa nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi. Faiba iliyoshikana na kiini kizima hutoa sauti kali na fupi. Iliyoachana na kiini au iliyolowa hutoa sauti butu. Mpaka wa sauti hizo mbili uchorwe kwa penseli juu ya sitaha, kwa sababu mchoro huo ndio utakaoonesha ukubwa wa kazi kuliko hali ya falka yenyewe.

Kukarabati, kubadilisha au kurekebisha

Ikiwa tatizo ni raba tu, basi ibadilishwe raba na kazi iishie hapo. Raba mpya iwe ya umbo lilelile na ya mtengenezaji yuleyule iwezekanapo, isivutwe wakati wa kuiweka, na kiungo chake kiwekwe katikati ya upande wa bawaba, kamwe si kwenye pembe.

Ikiwa fremu ni nzima lakini akriliki imejaa mipasuko midogo kama nywele, inawezekana kubadilisha kioo peke yake. Jua la Unguja na Pemba, visiwa vilivyo kati ya takriban nyuzi tano na sita na nusu kusini mwa ikweta, huila akriliki haraka, na mipasuko hiyo si suala la sura tu, bali hupunguza nguvu ya kioo ambacho siku moja kitakanyagwa na mtu mzima aliyebeba nanga. Hapa kuna hesabu ambayo fundi hana budi kuifahamu. Kipande cha akriliki chenye urefu wa milimita 600 hurefuka kwa takriban milimita 1.3 joto lake likipanda nyuzi 30 za Selsiasi, ilhali alumini ya urefu huohuo hurefuka kwa takriban milimita 0.4. Tofauti hiyo hutokea kila siku, asubuhi hadi adhuhuri, na lazima ibebwe na gundi iliyo kati yake. Ndiyo maana kioo huachiwa nafasi ya takriban milimita 3 pande zote, kikakalishwa juu ya vipande vidogo vya raba vya unene huo, na kuzungushiwa silikoni ya ujenzi wa vioo inayonyumbuka. Akriliki iliyobanwa kwa skrubu moja kwa moja, au iliyogandishwa kwa gundi ngumu, itapasuka au itajibandua.

Mambo matatu huharibu akriliki mpya hata kabla haijatumika. La kwanza ni asetoni na thina, ambazo huifanya ipasuke; isafishwe kwa maji na sabuni laini tu. La pili ni gundi za aina ya polisalfaidi, ambazo ni nzuri kwa mbao na shaba lakini hudhuru plastiki. La tatu ni kununua vipande vyembamba vinavyotumika kutengenezea mabango ya maduka. Kwa falka inayokanyagwa hutakiwa akriliki ya kumiminwa, na unene wake usipungue ule wa kioo cha zamani, ambao kwa falka za kati mara nyingi ni milimita 10 au 12.

Fremu ya alumini iliyotoka unga mweupe kuzunguka skrubu, bawaba iliyokatika, au kifuniko cha zamani cha faiba au mbao kisicho na raba inayoweza kupatikana tena, hivyo vyote ni vya kubadilishwa. Hapo ndipo fursa ya kurekebisha inapojitokeza, kwa sababu mtu akishaamua kukata hana haja ya kurudia kosa la aliyeunda chombo. Maswali makubwa ni mawili.

Swali la kwanza ni upande wa bawaba. Katika boti ya injini inayokwenda kasi, mimi hupendelea bawaba zikae upande wa omo, ili upepo wa mwendo na wimbi linalopanda sitaha vikisukume kifuniko kijifunge badala ya kukifungua. Wapo manahodha wanaotaka kinyume chake, kwa kuwa kifuniko kinachofunguka kuelekea omo huchota upepo vizuri chombo kikiwa kimetia nanga, na katika usiku wa joto wa kaskazi hoja yao ina uzito. Lakini anayevuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi asiisikilize.

Swali la pili ni kama falka hiyo ni njia ya kujiokoa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9094, kinachohusu kinga ya moto katika vyombo vidogo, hutaka tundu la duara la kutokea liwe na kipenyo kisichopungua milimita 450, na tundu la umbo jingine lisiwe na upande ulio chini ya milimita 380 wala eneo lililo chini ya mita za mraba 0.18. Falka ya chumba cha omo ikiwa ndogo kuliko hivyo, na chumba hicho hakina mlango mwingine, huu ndio wakati wa kuikuza. Falka yenyewe inunuliwe iliyotengenezwa kwa kufuata ISO 12216, ambacho ni kiwango cha nguvu na uzuiaji maji wa madirisha na falka, na mtengenezaji aoneshe inafaa daraja lipi la chombo na sehemu ipi ya sitaha. Ikiwa boti hubeba abiria au watalii, mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar aelezwe kabla ya sitaha kukatwa, kwani ni rahisi zaidi kubadilisha mchoro kuliko kubadilisha tundu.

Kupima kabla ya kuagiza

Falka haipatikani katika soko la Darajani mjini Unguja. Itaagizwa nje, na kuirudisha kwa sababu imezidi milimita 15 ni hasara isiyosameheka. Kwa hiyo vipimwe vitu vinne: upana na urefu wa tundu lililopo, ukipimwa kutoka ndani baada ya kuondoa urembo wa dari, mzunguko wa pembe zake, unene wa sitaha yote, yaani ngozi ya juu, kiini na ngozi ya chini, na ukubwa wa alama iliyoachwa na fremu ya zamani juu ya sitaha. Pembe kwa pembe ipimwe mara mbili, kwa mishazari. Mishazari isipolingana, tundu si mraba, hata kama macho yanasema ni mraba.

Kipimo cha tano ndicho kinachosahauliwa. Sitaha nyingi zina mgongo, yaani zimepanda katikati na kuteremka ubavuni ili maji yatiririke. Wekwe ubao ulionyooka sawasawa, au bomba la alumini la mraba, kukatiza mahali falka itakapokaa, na nafasi inayoonekana chini yake ipimwe kila pembe. Nafasi ikizidi milimita 2 au 3, fremu ya falka haitakiwi kufungwa moja kwa moja juu ya sitaha, kwa sababu bolti zitaivuta ifuate mgongo, raba isilale sawa, na kioo kibaki kikisongwa maisha yake yote.

Katika kuchagua kati ya falka kubwa kidogo na ndogo kidogo kuliko tundu la zamani, kubwa ni bora. Kukata milimita 20 zaidi kila upande huondoa pia ule ukingo uliooza pamoja na matundu ya zamani ya skrubu. Falka ndogo hulazimisha kujaza faiba mpya, na faiba hiyo hushika tu ikiwa ngozi ya zamani imesuguliwa mteremko wa 12 kwa 1: ngozi ya milimita 4 huhitaji mteremko wa karibu milimita 50 pande zote.

Wakati na mahali pa kufanyia kazi

Masika isifikiriwe kabisa. Miezi ya kusi, kuanzia Juni, huwa na joto la chini kidogo na mvua chache, na pwani ya magharibi ya Unguja, pamoja na ghuba za Wete, Chake Chake na Mkoani, huwa zimekingwa dhidi ya upepo huo. Januari na Februari nazo ni kavu, lakini joto lake huharakisha epoksi (gundi ya kuchanganywa na kigumishi) kupita kiasi, na anayefunga chombo Nungwi au Malindi ya Unguja atasumbuliwa na kaskazi.

Chombo kikipandishwa mchangani wakati wa bamvu (maji makubwa) kwa ajili ya kazi nyingine, kazi ya falka ifanyike wakati huohuo, ila fundi azingatie kwamba boti iliyokaa upande haina usawa wa kutegemewa: pima maji itamdanganya, na vipimo vyote lazima vitokane na sitaha yenyewe. Kabla ya kukata, ubao wa plaiwudi wa kuziba tundu na turubai viwe tayari vimekatwa. Sitaha haiachwi wazi usiku hata kama nyota zote zinaonekana.

Kuondoa falka ya zamani

Skrubu zilizoganda zisipigwe kwa nguvu. Kwanza kichwa kisafishwe, kipashwe joto kwa pasi ya kulehemu risasi, kisha kijaribiwe kwa bisibisi inayojaza mfereji wote. Zinazokataa zitobolewe kichwa. Gundi ya chini ya fremu ikatwe kwa kisu chembamba au uzi wa chuma unaovutwa na watu wawili kutoka upande hadi upande. Fremu isikongolewe kwa mtaimbo kutoka pembe moja, kwa sababu faiba ya juu ya sitaha hukubali kubanduka kabla ya gundi ya zamani.

Mabaki ya silikoni ndiyo adui wa kazi yote inayofuata. Hakuna rangi, epoksi wala gundi inayoshika juu yake, na asetoni huisambaza badala ya kuiondoa. Ikwanguliwe kwa wembe na patasi ya plastiki hadi isionekane, isuguliwe kwa msasa, kisha ndipo pafutwe. Maji yakimwagwa hapo na kujikusanya matone matone badala ya kutandaa, silikoni bado ipo.

Kukata na kushughulikia kiini

Mstari wa kukata uchorwe kwa kiolezo kilichokuja na falka, baada ya kiolezo hicho kulinganishwa na fremu halisi. Vimekwisha kuonekana violezo vya karatasi vilivyobadilika ukubwa kwa unyevu. Kabla ya kukata, dari la chini lifunguliwe na boriti zote zijulikane zilipo. Boriti ya sitaha haikatwi bila kwanza kuegemezwa kwa nguzo kutoka chini, na ikikatwa lazima ncha zake zishikwe na fremu ya mbao inayopeleka uzito kwenye boriti za jirani. Kwa fremu hiyo, mvule wa hapa unatosha na unazidi, alimradi ufutwe kwa asetoni kabla ya kuunganishwa kwa epoksi. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kama wajuavyo maseremala wote.

Pembe zitobolewe kwanza kwa msumeno wa duara unaolingana na mzunguko wa kiolezo, kisha pande zikatwe kwa msumeno wa jigso wenye meno madogo. Pembe kali isiachwe popote, kwa kuwa nyufa za faiba huanzia hapo. Mkataji avae barakoa, miwani na mikono mirefu, na msaidizi ashike mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi karibu na msumeno, ili vumbi hilo lisiishie kwenye magodoro wala baharini.

Sasa kiini kinaonekana. Kikiwa cha balsa (mbao nyepesi sana) na kimeoza, kitakuwa cheusi na laini kama mkate uliochovywa chai. Kikiwa cha povu, huenda kikaonekana kizima lakini kikatoa maji ya chumvi kikibonyezwa. Wapo wanaoshauri kukiacha kikauke kwa feni. Katika unyevu wa visiwa hivi, balsa iliyolowa haikauki kwa kupitia ukingo mwembamba, na ile chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu upya kila usiku. Chote kilicholowa kitolewe, hata ikibidi kukata ngozi ya juu hadi kwenye ule mstari wa penseli uliochorwa wakati wa kugonga, kisha pasuuzwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na paachwe pakauke vizuri kabla ya kuweka kiini kipya.

Hata pale kiini kilipo kizima, lazima kichimbwe kuzunguka tundu kwa kina cha milimita 20 hadi 25 kati ya ngozi mbili, na nafasi hiyo ijazwe epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika hadi isiteremke ikipakwa ukutani. Msumari uliokunjwa na kufungwa kwenye drili huchimba balsa vizuri. Kwa povu hutosha patasi nyembamba. Kwanza pakwe epoksi nyepesi isiyokorezwa ili inywewe na kiini, na ingali mbichi ndipo ijazwe ile nzito, ikisukumwa ndani kwa mwiko mwembamba bila kuacha hewa. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi ya miaka mitano na kazi ya miaka thelathini, kwa sababu siku gundi ya fremu itakapochoka, na itachoka, maji yatakuta ukuta badala ya mlango.

Epoksi ina tabia zake kwenye joto. Kigumishi kiwe cha aina ya polepole au ya nchi za joto, na uwiano wa kuchanganya ufuatwe kama mtengenezaji alivyoandika, kwani kuongeza kigumishi hakuharakishi bali huharibu. Muda wa kuitumia hupungua kwa karibu nusu kila joto likipanda nyuzi kumi, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo na imwagwe kwenye sinia pana badala ya kikombe, ambamo hujipasha moto yenyewe hadi ikatoa moshi. Saa nzuri ni alasiri, joto linaposhuka: mbao na povu vikipoa huivuta epoksi ndani, ilhali asubuhi vikipata joto husukuma hewa nje na kuacha vitundu. Asubuhi yake, ule utelezi unaofanana na nta juu ya epoksi uoshwe kwa maji na brashi kabla ya msasa.

Kutengeneza kitako kilichonyooka

Ikiwa sitaha ina mgongo, kuna njia mbili za kupata kitako bapa, na zote ni nzuri.

Ya kwanza ni kizingiti cha mbao, nayo huinua falka milimita 25 au zaidi juu ya sitaha, jambo linalosaidia pale maji yanapotiririka au kusimama. Iundwe pete ya mvule au msaji yenye viungo vya nusu kwa nusu kwenye pembe, juu yake pakiwa bapa kabisa. Pete iwekwe mahali pake juu ya kabari hadi uso wake wa juu ukae inavyotakiwa, kisha penseli iliyolazwa juu ya kijiti chenye unene wa ile nafasi kubwa kuliko zote izungushwe kuifuata sitaha, ndani na nje. Mstari huo utakuwa sura halisi ya mgongo wa sitaha, na ukichongwa kwa randa na patasi pete italala bila mwanya. Mafundi wa majahazi wa Nungwi, waliozoea kuchonga mbao za ubavu zifuate mataruma (mbavu za chombo), hufanya kazi hii kwa jicho na huimaliza upesi kuliko anayetumia vipimo. Nasaha moja tu kwao: pamba na kalafati, yaani uzibaji wa nyufa za mbao, vibaki kwenye jahazi, ambalo mbao zake huvimba na kubana. Faiba haivimbi. Pete iunganishwe na sitaha kwa epoksi iliyokorezwa, ukingo wa nje upakwe kona ya mviringo, na yote ifunikwe kwa tabaka mbili za kitambaa cha faiba kinachoshuka angalau milimita 50 juu ya sitaha, kisha ipakwe rangi ya poliyurethani.

Njia ya pili inafaa mgongo mdogo, na hutumia falka yenyewe kama kalibu (umbo la kufinyangia). Chini ya fremu hubandikwa utepe laini wa kufungia makasha, ukapakwa nta mara mbili, na kila tundu la skrubu likazibwa. Sitaha husuguliwa kwa msasa mkali, ikazungushiwa tuta la epoksi nzito kidogo zaidi ya kimo kinachohitajika, na fremu, ikiwa imefungwa kifuniko chake ili isipinde, hulazwa juu ya kabari nne zilizokwisha kupimwa. Isikandamizwe kwa jiriwa wala kwa bolti. Uzito wake pamoja na mfuko mdogo wa mchanga unatosha. Epoksi ikigumu, fremu hugongwa kidogo ikatoka, ikaacha kitako chenye sura yake halisi. Ziada husuguliwa, na epoksi hufunikwa kwa rangi, kwa sababu jua huiharibu ikiachwa wazi.

Kulaza na kufunga fremu

Kila tundu la bolti litobolewe kwanza kubwa kuliko bolti yake, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya kwa kipimo sahihi, na mdomo wake wa juu upanuliwe kidogo ili gundi ijikusanye hapo kama pete kuizunguka bolti. Bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Za zinki zitaota kutu mapema, na za shaba zitaila alumini. Hata chuma cha pua huila alumini polepole kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo kila bolti ipakwe dawa nzito ya kutenganisha metali hizo mbili.

Kuhusu gundi ya kuzibia, silikoni ya kawaida ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ile yenye harufu ya siki, isitumike: asidi yake hushambulia metali. Poliyurethani ya nguvu ya kati, kama Sikaflex 291, inafaa kati ya alumini na faiba, alimradi isiguse akriliki. Utepe wa butili, ambao ni raba laini inayonata, nao ni mzuri sana, hauna haraka, na fremu yaweza kutolewa baadaye bila vita; kasoro yake ni kwamba kwenye jua hujitokeza ukingoni kwa wiki kadhaa na hupaswa kukatwa kila mara. Zile gundi za kudumu zenye nguvu kupindukia, mfano 3M 5200, siziafiki kwa falka, kwa kuwa atakayeibadilisha baada ya miaka kumi na tano atang'oa na sitaha.

Fremu ijaribiwe kavu kwanza, pamoja na bolti zote, na kifuniko kifungwe na kufunguliwa. Utepe wa kuzuia uchafu ubandikwe juu ya sitaha na juu ya fremu, milimita mbili kutoka kiungo. Gundi iwekwe kwa wingi bila kukatika, pete moja ndani na moja nje ya mstari wa matundu, na nyingine kuzunguka kila tundu. Fremu ishushwe wima, isiburutwe. Bolti zikazwe kwa kupokezana pembe mkabala, kidogo kidogo, hadi gundi itokeze pande zote, na hapo mkono usimame. Anayekaza hadi mwisho huikamua gundi yote nje na kuacha metali ikigusana na faiba. Gundi ikishaiva, kukaza kwa mwisho kufanywe kwa kuzungusha nati kutoka ndani huku kichwa cha bolti kikiwa kimeshikwa kisizunguke, la sivyo ile pete iliyozunguka bolti itakatika. Utepe utolewe mapema, kabla gundi haijafunga ngozi.

Jaribio na siku za mwanzo

Gundi ya poliyurethani huiva kwa unyevu wa hewa, ambao huku haukosekani, lakini bado ipewe muda ulioandikwa na mtengenezaji kabla ya kuloweshwa kwa nguvu. Kisha jaribio la maji la mwanzo lirudiwe kwa utaratibu uleule, kutoka chini kwenda juu, pamoja na lile la chaki. Makomeo yarekebishwe hadi raba ibanwe kwa usawa. Komeo lililokazwa kupita kiasi huua raba ndani ya mwaka.

Kifuniko kishonewe vazi la turubai jeupe, livaliwe kila chombo kinapolala. Raba ioshwe kwa maji baridi baada ya safari, isipakwe mafuta ya injini wala ya nazi. Dari la ndani lisirudishwe mara moja: liachwe wazi hadi chombo kimekwenda bahari yenye mawimbi na kupigwa na mvua moja kubwa, na kitako kipapaswe kwa mkono kutoka chini, upande wa omo na wa shetri (nyuma), ndipo mbao na vitambaa virudi mahali pake.